Nusu ya Kichwa cha Mjomba

Kinyozi yule walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake ulinyoa bila maji. Katika safu ile ya maduka alikuwa mwanamke pekee aliyeshika mashine ya kunyolea, na wanaume waliofika mara ya kwanza walichungulia mlangoni wakauliza, "Kinyozi yuko wapi?" Naye aliwajibu, "Ametoka kumtafutia mteja wake miwani. Kaa." Walikaa. Na wakishajiona kwenye kioo, wiki ya pili walirudi na kaka zao.

Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba: kiti cha kuzunguka chenye mgongo mwembamba, kioo kirefu, rafu ya poda na spiriti, na benchi la wanaosubiri zamu na wasiosubiri chochote. Hawa wa mwisho ndio waliokuwa wengi. Walikuja kusoma gazeti la jana, kubishania mpira na kutoa maoni juu ya maisha ya watu.

Mwaka uliopita maoni yao yalimhusu Wembe. Alibeba mimba mpaka karibu na kujifungua, na mtoto akafia tumboni kabla uchungu haujaanza. Akamzaa hivyo hivyo. Alikuwa msichana. Akamshika, akaona nywele zake nyingi zilizolala upande mmoja, kisha wakaja wakamchukua kwenda kumzika. Nyumbani wakamwambia asilie sana, atapata mwingine. Nguo ndogo ziliondolewa kabatini alipokuwa amelala, na jirani akiuliza aliambiwa mimba iliharibika, kana kwamba wanazungumzia maziwa.

Hilo lilimchoma kuliko yote. Mwanawe hakuharibika. Alikuwa mtu kamili na kucha zake.

Na watu ni wa ajabu. Mtu akifiwa na baba, ataulizwa mzee alikuwa anaumwa nini. Mwanamke akifiwa na mtoto tumboni, ataulizwa alifanya nini. Wembe aliporudi kazini alikuta benchi limeshamaliza uchunguzi na hukumu iko tayari.

"Ni kusimama," alisema fundi viatu wa duka la pili, kichwa chake kikiwa mikononi mwa Wembe. "Mjamzito hasimami kutwa nzima. Mtoto anakosa pa kukaa."

"Mama yako aliuza mboga sokoni akiwa amelala?"

"Basi ni kuanika mataulo," alidakia mlinzi wa benki kutoka kwenye benchi. "Ukinyoosha mikono juu, kitovu kinamzunguka mtoto shingoni."

"Wewe unafungua lile geti la benki kutwa nzima, mikono juu. Mbona kitambi chako hakijanyongwa?"

Benchi likacheka. Wembe alicheka pia, wembe wa kweli ukiwa juu ya shingo ya fundi viatu, na fundi viatu akaona ni vyema asiseme tena mpaka apakwe poda.

Lakini hakuna aliyekuwa na sababu nyingi kama Mjomba. Huyu ndiye aliyemlea mume wa Wembe tangu utotoni, kwa hiyo alikuwa mkwe kamili, wa kuamkiwa shikamoo kabla ya kufungwa kitambaa shingoni. Alikuwa na pikapu ya kubebea mchanga na makabati ya watu, watoto wanane, na sauti ya kufika mtaa wa tatu. Alinyolewa bure, na kila aliponyolewa bure alilipa kwa ushauri.

"Mkwe wangu, mimi sifichi," alisema. "Ni hii mashine. Unaegemeza tumbo kwenye kiti, mashine inanguruma, mtoto anatetemeshwa ubongo. Nina watoto wanane, haya mambo nayajua."

Kwa Mjomba peke yake Wembe hakuwa na jibu. Kulikuwa na heshima, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo jingine. Siku ile mtoto wake wa kwanza alipoacha kucheza, mume akiwa mbali kwenye kazi zake za mabomba, mtu ambaye Wembe alimweleza alikuwa Mjomba. Na Mjomba, kwa sauti ile ile, alimwambia, "Mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Anakusanya nguvu. Nenda kalale." Akaenda akalala. Mjomba alikwishasahau kwamba aliyasema. Wembe aliyasikia kila mara alipomfunga kitambaa shingoni.

Siku moja alifunga duka mchana kweupe akaenda hospitali. Alimkuta mkunga yule yule aliyemzalisha, mama mnene mwenye viatu vya mpira, anakunja mashuka.

"Unaumwa?" mkunga alimuuliza.

"Siumwi. Nimekuja kuuliza kilichomuua mwanangu. Mtaani kila mtu anajua isipokuwa mimi."

Mkunga aliweka shuka chini. Alimvutia kiti, akakaa naye, na Wembe akaona huyu hana haraka.

"Siku uliyoletwa, presha yako ilikuwa juu mno," mkunga alisema. "Uso umevimba, mikono imevimba. Kabla ya hapo kichwa kilikuwa kinakuuma?"

"Wiki nzima."

"Ulikuwa unaona vimulimuli?"

"Nilidhani ni mwanga wa kioo cha dukani. Na viatu vilikuwa havinitoshi, nikasema ni kusimama."

"Ile ilikuwa presha ya mimba. Damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua, mtoto anakosa chakula, anakosa hewa. Hukuileta wewe kwa kusimama, wala kwa kugombana na mtu, wala kwa kuanika nguo."

"Wanasema mashine inatetemesha."

"Wao ni madaktari wa mashine?" Mkunga alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Wengine hupoteza mtoto kwa kisukari. Wengine kwa malaria, au kaswende ambayo mama hajijui kama anayo kwa kuwa hakupimwa. Kuna kondo kubanduka kabla ya wakati, kuna mimba kupitiliza siku zake. Moshi wa sigara unachangia. Na wapo ambao tunatafuta sababu mpaka tunachoka na hatuioni, siwezi kukudanganya. Lakini wewe yako tuliiona."

Wembe alikuwa amekuja na hasira, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Mtoto alipotulia," mkunga aliuliza, "kwa nini hukuja siku ile ile?"

Wembe aliangalia mashuka. Hakumtaja mtu.

"Ukibeba tena, uje mapema," mkunga alisema. "Presha tutaipima kila ukifika, na kuna vidonge. Miezi ya mwisho ulale kwa ubavu, si chali. Halafu umjue mtoto wako anavyocheza. Kila mtoto ana tabia yake. Siku akiibadilisha, usiulize mtu. Njoo."

Kesho yake Wembe alizima mashine benchi likiwa limejaa, akageuka, brashi mkononi.

"Nisikilizeni, maana sitarudia," alisema. "Mwanangu alikuwa msichana. Alikufa kwa presha ya mimba. Hakuharibika, hakunyongwa na mataulo, hakukosa pa kukaa. Kuanzia leo mwenye sababu nyingine akaitolee kwake, na kichwa chake akakinyolee huko huko."

Fundi viatu alikunja gazeti. Mlinzi wa benki akakumbuka kuwa zamu yake imekaribia. Mjomba hakuwepo siku hiyo, na alipopata habari alisema tu, "Hayo ni maneno ya hospitali," akaendelea kunyolewa bure.

Mimba ya pili ilipoingia, Wembe aliibeba waziwazi. Nyumbani walitaka aifiche, avae magauni mapana, aache kazi, asionekane. Alikataa katakata. Alinunua stuli ndefu, akawa ananyoa ameketi. Akabandika tangazo mlangoni kwamba humu sigara haivutwi, na mteja wake mkubwa mmoja alipowasha ya kwake kwa dharau, alimnyang'anya akaizima kwenye beseni la maji mbele ya watu wote. Kliniki hakukosa. Presha ilipimwa, vidonge akameza kwa wakati, na kila aliyemwambia asizoee dawa alimpa jibu lisilofaa kurudiwa hapa.

Na mtoto alikuwa na tabia yake. Kila asubuhi mashine ilipowashwa kwa mara ya kwanza, tumbo likiwa karibu na mgongo wa kiti, alirusha teke. Kiti kilikuwa chembamba, mteja alilipata teke lile mgongoni barabara. Likawa jambo la dukani. Wanaume wazima waligombania kukaa wa kwanza ili wapigwe, wakatoka wanajisifu. Mjomba ndiye aliyepigwa kuliko wote, kwa kuwa alipenda kuwahi.

"Mtoto gani huyu hana adabu!" alilalamika, anajikuna mgongo. "Anampiga babu yake?"

"Anakurudishia ushauri wako, Mjomba," Wembe alisema.

Ikafika Jumamosi moja, wiki chache kabla ya siku zake kutimia. Mjomba alifika mapema, suti imepigwa pasi, maana kulikuwa na harusi ya binti wa rafiki yake na yeye ndiye aliyepangwa kuwapa maharusi nasaha. Alikaa, akafungwa kitambaa, akaanza kuijaribu hotuba yake kwenye kioo. Wembe aliwasha mashine, akaanzia upande wa kushoto. Alinyoa kutoka sikioni mpaka utosini, upande ule ukang'aa, Mjomba akawa amefika kwenye mambo ya uvumilivu katika ndoa.

Hapo ndipo Wembe alipoona kuna kitu kimepungua.

"Mjomba, leo amekupiga?"

"Nani?"

"Mtoto."

Mjomba alifikiri. "Hapana. Leo kanisamehe."

Wembe alizima mashine. Akaiwasha tena, akasogea mpaka tumbo likagusa kiti. Akangoja. Mashine iliunguruma mkononi mwake na tumboni hakikusogea kitu. Akajaribu kukumbuka usiku, akajaribu kukumbuka jana jioni, na hakukumbuka mtoto kucheza. Aliogopa, aliogopa hasa, kwa woga alioujua jina lake na sura yake.

Akaiweka mashine kwenye rafu.

"Mjomba, nipeleke hospitali."

"Malizia basi upande huu. Usiwe na wasiwasi, mkwe wangu. Mtoto akikaribia kuzaliwa hutu—"

"Usiimalize hiyo."

Benchi zima lilinyanyua vichwa. Hakuna aliyewahi kumsikia akimkata Mjomba kauli.

"Mara ile uliniambia anakusanya nguvu," Wembe alisema. "Nilikusikiliza kwa sababu wewe ni mkwe wangu na nakuheshimu. Nikaenda nikalala, na mwanangu akafa nikiwa nimelala. Leo sikuulizi, Mjomba. Nakwambia. Washa gari."

Mjomba alijiangalia kwenye kioo. Upande mmoja kichwa kitupu, upande mwingine mvi zimesimama.

"Hivi hivi?" aliuliza, anagusa utosi.

"Hivyo hivyo."

Aliinuka. Kwa haraka hakukumbuka hata kufungua kitambaa shingoni. Aliendesha pikapu ile mkono ukiwa kwenye honi muda wote, makoleo yakigongana nyuma, na njia nzima hakutoa ushauri hata mmoja. Wembe alikaa pembeni yake ameshika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa anamsemesha mtoto, si kwa upole. Alimwambia, "Nipige. Nipige nikwambie. Kama ni mwanangu, nipige."

Mapokezi palikuwa na foleni mpaka mlangoni. Wembe aliipita.

"Dada, kuna watu hapa," karani alisema. "Na kliniki ni Jumatatu."

"Sikuja kliniki. Mtoto wangu ameacha kucheza."

"Basi kaa kwenye benchi utaitwa."

"Sikai. Nilishakaa mara moja."

Karani alimtazama, kisha akamwona mzee nyuma yake, nusu kipara nusu nywele, kitambaa cheupe kikining'inia kifuani na vipande vya mvi begani. "Huyu mzee naye ni mgonjwa? Wa akili ni jengo la pili."

"Mimi ni mzima!" Mjomba alinguruma, ile sauti yake yote ya mtaa wa tatu. "Aliyenyamaza ni mtoto! Humsikii mama yake anavyokwambia? Mwiteni mkunga sasa hivi, au niingie nimtafute mwenyewe na kichwa changu hiki!"

Hakuna haja ya kumtafuta mtu aliyeitwa kwa sauti ile. Mkunga wa viatu vya mpira alitokea mwenyewe mlangoni, akamtambua Wembe, na hakuuliza swali la pili. Alimshika mkono, akamlaza kwa ubavu, akatafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Akahamisha chombo chake. Akahamisha tena. Wembe alikuwa akimwangalia usoni, kwa sababu mara ya kwanza habari aliisoma usoni kabla ya kuambiwa.

"Upo," mkunga alisema. "Moyo upo. Lakini unakwenda polepole, siupendi. Na presha yako imepanda." Akageuka akapaza sauti, "Daktari aitwe, huyu anaingia upasuaji."

Mambo yakaenda mbio. Wakamchoma sindano mgongoni, miguu ikawa si yake. Wakaweka shuka mbele ya kifua chake ili asione. Alisikia vyuma, akasikia daktari akiomba kitu, akahisi kuvutwa bila maumivu. Kisha kimya.

Kimya kile Wembe alikuwa anakijua. Alikwishawahi kulala ndani yake. Aliuma meno, akajiambia hatakubali wamwondolee huyu naye akiwa amelala. Macho yake yatabaki wazi na ataulizia jina la kila kitu.

"Mbona halii?" aliuliza kwa sauti. "Nyie! Mbona halii?"

Mtoto alilia. Hakulia sana, mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, lakini alilia, na Wembe naye akalia kwa makelele mpaka daktari akamwomba atulie wamshone.

Alikuwa wa kiume, mdogo, mwepesi, akapelekwa chumba cha joto. Daktari alikuja baadaye kumweleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa limechoka, halipitishi damu ya kutosha, ndiyo maana mtoto alinyamaza. Alikuwa anabana nguvu kidogo aliyobaki nayo. "Ungesubiri mpaka Jumatatu," alisema, na hakumalizia. Wembe alishukuru kwamba hakumalizia.

Jioni Mjomba aliruhusiwa kuingia wodini. Harusi ilikuwa imeshapita bila nasaha zake. Alisimama kwenye miguu ya kitanda, kitambaa cha kunyolea amekikunja vizuri mkononi.

"Mkwe wangu," alisema. Akakohoa. "Mkwe wangu, mimi..."

Wembe alingoja. Hakumsaidia.

"Umekula?" Mjomba aliuliza.

"Sijala, Mjomba."

"Nitakuletea." Akatoka.

Mtaani walidhani atakwenda kwa kinyozi mwingine Jumapili asubuhi. Hakwenda. Alisema kichwa hiki kina mwenyewe, na mwenyewe amelazwa. Mwanzoni alivaa kofia. Halafu joto likamshinda, akaivua, na kila mahali alipoteremsha mchanga au kabati watu walimuuliza, mzee, kulikoni? Akalazimika kueleza. Na huwezi kueleza kichwa kile bila kueleza mashine iliyozimwa, na huwezi kueleza mashine bila kueleza teke, wala teke bila presha ya mimba. Mjomba, ambaye hakuwahi kukosa maneno, akawa anasimulia habari ya presha na kondo la nyuma kwenye maeneo ya ujenzi kwa mafundi waliovua kofia kumsikiliza. Fundi viatu mkewe alikuwa mjamzito. Mjomba alikwenda kumchukua kwa pikapu akampeleka kupimwa, mwanamke wa watu hajamaliza hata kufua. Haya yote Wembe aliyasikia akiwa nyumbani, kidonda kikipona, na hakujua acheke au anune.

Alipofungua duka tena, upande mmoja wa kichwa cha Mjomba ulikuwa umeota vinywele vifupi na mwingine umekuwa kichaka. Alikuwa wa kwanza mlangoni. Mume wa Wembe, aliyepata ruhusa kazini, alikaa kwenye benchi na mtoto kifuani, akiwa na hofu ya mtu aliyepewa mayai abebe. Wembe alimfunga Mjomba kitambaa shingoni, akawasha mashine. Mtoto alishtuka kwenye benchi, akarusha miguu yote miwili. Benchi likashangilia.

Mteja mmoja mgeni, asiyejua lolote, aliinama akamwangalia mtoto. "Hongereni sana jamani. Ndiye mtoto wa kwanza?"

Wembe alivuta pumzi ya kujibu. Jibu alikuwa nalo, kali, alilinoa kwa mwaka mzima.

"Wa pili," Mjomba alisema kutoka kwenye kiti.

Alisema kwa sauti yake yote, ile isiyojua kunong'ona. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, na kwenye kioo alikuwa anamtazama Wembe.

"Wa kwanza alikuwa binti," alisema. "Mama yake aliumwa presha, mtoto akanyamaza, akaja kuniambia. Mimi nikamwambia akalale."

Hakuna aliyegeuza gazeti. Wembe aliondoa mashine kichwani mwa Mjomba, akampangusa mvi begani kwa brashi. Kisha akamwinamisha shingo kidogo, taratibu, akanyoa upande uliobaki.